Mwamba Uatukapo kwa Kupoa: Mvuke wa Ardhini na Vitenzi vya Kiswahili

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwamba wa moto uliomo chini ya ardhi unavyopata nyufa pindi unapopozwa kwa ghafla, jambo lenye uzito mkubwa katika kazi ya kuvuna mvuke wa ardhini ili kuzalisha umeme. Maelezo ya jambo hili kwa Kiswahili aghalabu huishia katika sentensi moja: maji baridi hupasua mwamba. Sentensi hiyo haina kosa la kisarufi, wala si uongo mtupu. Hata hivyo inayakabidhi maji kazi ambayo kwa sehemu kubwa hufanywa na mwamba wenyewe. Msikilizaji akiishika kama ilivyo, hataelewa kwa nini ardhi hutikisika hata mahali ambapo maji hayakusukumwa kwa nguvu yoyote, wala kwa nini kisima kilichofunguka leo huenda kikafumba baada ya miezi michache.

Nchini Kenya suala hili si la nadharia tu. Huko Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, visima vya kwanza vya majaribio vilichimbwa katika miaka ya 1950. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kutoa umeme mwaka wa 1981, na kufikia mwaka wa 1985 mitambo ilikuwa mitatu. Siku hizi zaidi ya theluthi moja ya umeme wa nchi hutokana na mvuke wa ardhini, na halijoto ndani ya visima kadhaa vya Olkaria hupita nyuzi 300 za Sentigredi. Mkazi wa Naivasha anapohisi nyumba yake ikitikisika ana haki ya kuuliza kinachotendeka huko chini, na ana haki ya kujibiwa kwa lugha anayoielewa. Jibu litategemea vitenzi vitakavyoteuliwa.

Inafaa kuanza na mfano wa nyumbani. Kila aliyepata kutumia taa ya chemli anajua kwamba tone la maji likidondokea kioo chenye moto, kioo hualika na kupata ufa. Tone hilo hilo likidondokea kioo kilichopoa huteleza tu hadi chini. Ni dhahiri, basi, kwamba si uzito wa tone wala nguvu ya kuanguka kwake iliyovunja kioo. Kilichotokea ni kwamba pale tone lilipogusa, kioo kilipoa mara moja na kutaka kunywea, yaani kupungua ukubwa. Lakini kioo kilichozunguka mahali hapo kilikuwa bado cha moto na bado kimetanuka, kikakataa kukifuata. Sehemu iliyopoa ikawa imevutwa pande zote na majirani zake. Kioo, kama mawe, ni kigumu kikigandamizwa lakini ni dhaifu kikivutwa. Kikaachana.

Katika maelezo hayo mna mambo mawili ambayo hayana budi kutokea pamoja. La kwanza ni kunywea. La pili ni kuzuiliwa. Ufito wa chuma uliotolewa motoni na kuachwa upoe peke yake hunywea kwa urefu wake wote, na hakuna kinachokatika, kwa kuwa hakuna kinachouzuia. Baridi peke yake haipasui kitu. Kinachopasua ni tofauti kati ya sehemu iliyopoa na sehemu ambayo bado haijapoa, na ndiyo maana kupozwa ghafla kuna madhara kuliko kupozwa polepole: upozaji wa polepole huipa sehemu ya ndani nafasi ya kuifuata ile ya nje.

Neno ghafla lenyewe lahitaji kutazamwa, maana kwa mwamba halina maana liliyo nayo kwa kioo cha taa. Joto husafiri ndani ya jiwe kwa uvivu mkubwa. Ukuta wa mwamba ukimwagiwa maji baridi mfululizo, katika saa moja ubaridi utakuwa umeingia ndani kadiri ya sentimita 6. Baada ya siku nzima, kadiri ya sentimita 30. Na baada ya mwaka, kadiri ya mita 5 au 6 hivi. Kwa hiyo hata upozaji wa majuma mengi ni wa ghafla ukilinganishwa na mwendo wa joto ndani ya mwamba wenye upana wa mita mia. Daima kutakuwa na ngozi iliyopoa juu ya mwili ulio moto.

Ukubwa wa nguvu zinazohusika unaweza kukadiriwa. Itale ya kawaida ikipoa kwa nyuzi 200, kila mita yake hupungua kwa milimita 1.6. Kwa macho hicho ni kiasi kidogo mno. Lakini itale hiyo ikishikwa isiweze kunywea hata kidogo, mvuto unaojengeka ndani yake waweza kukaribia uzito wa kilo 1,000 kwa kila sentimita mraba, ilhali mvuto wa kilo 100 hivi kwa sentimita mraba watosha kuikata. Kwa maneno mengine, mwamba ulio wazi juu ya ardhi huweza kuatuka hata kabla ya kupoa nyuzi 50. Mbali na hayo, mwamba si kitu kimoja. Ndani ya itale mna chembe za kwazi na chembe za madini mengine, na kila aina hutanuka na kunywea kwa kiwango chake, kwazi huzidi. Chembe zilizokuwa zimeshikana hupata kuvutana kila moja upande wake, na nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho huenea mipakani mwao.

Wachimbaji wa kale walijua kuutumia ugomvi huu wa joto ndani ya jiwe. Diodorus wa Sicily, aliyeandika katika karne ya 1 kabla ya Kristo, anaeleza jinsi mwamba mgumu ulivyochomwa moto katika migodi ya dhahabu ya Misri ili uwe rahisi kuvunjika. Huko moto ulifanya kinyume cha maji: ngozi ya mwamba ilitanuka huku mwili ukibaki baridi, ikabanduka vipande vipande.

Nyufa za kupoa zina mpangilio wake, na msomaji hahitaji kushuka kisimani ili kuuona. Matope ya kando ya ziwa yanapokauka juu yake na kubaki na unyevu chini, hugawanyika vipande vyenye pembe tano au sita. Sababu huko ni kukauka wala si kupoa, ila mantiki ni ile ile: tabaka la juu hunywea, la chini hulizuia. Katika magenge ya Hell's Gate, jirani na Olkaria, mna nguzo za mawe zilizosimama bega kwa bega kana kwamba zilichongwa na fundi. Hizo ni volkeno iliyopoa kuanzia juu na pembezoni kuelekea ndani, na kila nguzo imetengwa na mwenzake kwa ufa uliofuata ubaridi hatua kwa hatua. Nyufa za mwanzo huwa nyingi na zimekaribiana. Kadiri ubaridi unavyozama, nyufa chache hutangulia na kuwapunguzia majirani zao mvuto, nao majirani husimama njiani. Ndipo zile zilizobaki huenda mbali zaidi, zikiwa zimeachana kwa nafasi kubwa. Katika ukuta wa kisima, hali kadhalika, ni nyufa chache tu kati ya nyingi zinazofika mbali, na hizo chache ndizo zenye faida.

Hata hivyo kisima si genge. Katika kina cha mita 2,000 uzito wa mawe yaliyo juu hugandamiza mwamba kwa zaidi ya kilo 500 kwa kila sentimita mraba, na mgandamizo huo hufumba nyufa. Kunywea hakuna budi kwanza kuushinda mgandamizo ndipo mvuto wa kweli uanze. Katika Bonde la Ufa mgandamizo wa ubavuni huwa mdogo kuliko ule wa kutoka juu, kwa kuwa ardhi yenyewe inavutwa mashariki na magharibi. Kwa sababu hiyo nyufa hupenda kusimama wima na kuelekea takriban kaskazini na kusini. Maji yaliyojaa kisimani nayo husaidia: nguzo ya maji ya mita 2,000 husukuma kuta kwa takriban kilo 200 kwa sentimita mraba. Hapo ndipo ukweli uliomo katika ile sentensi ya mwanzo unapopatikana. Maji husukuma, mwamba hunywea, na kazi hugawanywa baina yao kwa viwango vinavyotofautiana kutoka mahali hadi mahali.

Mara nyingi hakuna haja ya ufa mpya. Mwamba wa volkeno huwa na nyufa za zamani zilizozibwa kwa madini yaliyoachwa na maji ya moto, na nyingine zilizobanwa tu. Pande mbili za ufa kama huo zinapopoa, kila upande hunywea na kurudi nyuma, na ufa huachama. Pande la mwamba lenye upana wa mita 10 likipoa kwa nyuzi 100, hupungua kwa milimita 8. Kwa mhandisi hizo ni milimita nyingi, maana maji yapitayo katika ufa hayaongezeki sambamba na upana wake: ufa ukiwa na upana maradufu, maji yapitayo huwa mara nane. Kutokana na hesabu hiyo, huko Iceland imekuwa desturi kwamba baada ya kuchimba kisima, maji baridi hutiwa kwa muda, kisha kisima huachwa kipate moto tena, kisha maji hutiwa tena, mara kadhaa. Njia kama hiyo ilitumika mwaka wa 1998 huko Bouillante katika kisiwa cha Guadeloupe, na kisima kikaongeza uwezo wake.

Lakini kilichoachama kwa kupoa huweza kufumba kwa kupata moto. Kisima kinapopimwa kwa maji baridi mara tu baada ya kuchimbwa, hupimwa katika hali yake nzuri kuliko zote. Mwamba ukirudia joto lake, pande za ufa hutanuka na kukaribiana. Ufa hubaki wazi ikiwa tu vipande vya mawe vimeanguka ndani yake na kuutegemeza, au ikiwa pande zake zimeteleza kidogo hata vilima na mabonde yao hayaoani tena.

Huku kuteleza ndiko kunakotikisa ardhi, na ndiko kunakolazimisha vitenzi vipambanuliwe. Huko Basel, Uswisi, mwaka wa 2006, maji yalisukumwa kwa mitambo yenye nguvu katika kisima chenye kina cha mita 5,000. Tarehe 8 Desemba kulitokea tetemeko la kipimo cha 3.4, na mradi haukuendelea tena. Huko, kusema kwamba maji yalilazimisha mwamba ni sahihi: shinikizo liliingia katika nyufa za kale, likaziinua pande zake, zikateleza. Hali ya The Geysers, California, ni tofauti kabisa. Eneo hilo la mvuke lilikuwa limepungukiwa na maji, na kuanzia mwaka wa 1997 maji ya taka yaliyosafishwa yalianza kuletwa kwa bomba kutoka wilaya ya Lake, kisha mwaka wa 2003 kutoka mji wa Santa Rosa. Shinikizo la mvuke katika mwamba wa huko ni dogo sana, hata maji huteremka kisimani kwa uzito wake yenyewe. Hakuna pampu inayoulazimisha mwamba. Pamoja na hayo, matetemeko madogo hukusanyika kandokando na chini ya visima vinavyotiwa maji. Watafiti wamelihusisha jambo hili hasa na kupoa: mwamba uliokuwa umezibana pande za ufa wa kale hunywea, mbano hulegea, na pande zilizokuwa zikingoja kuteleza huteleza.

Ikiwa visa vyote viwili vitaelezwa kwa kusema kwamba maji yalipasua mwamba, tofauti hiyo hupotea. Nayo ina maana kwa wakazi: shinikizo huweza kupunguzwa mara moja kwa kufunga pampu, ilhali ubaridi ulioingia ndani ya mwamba hauondoki kwa siku moja.

Kiswahili kina nyenzo za kulitenga jambo hili, tena ziko katika mnyambuliko wa kawaida wa vitenzi. Mfuatano mzima waweza kusemwa hivi: maji huupoza mwamba, mwamba hupoa, ukipoa hunywea, ukinywea huku umezuiliwa, huatuka. Katika vitenzi hivyo vinne, kimoja tu, kupoza, ndicho chenye mtenda aliye nje ya mwamba. Vitatu vinavyofuata ni vya mwamba wenyewe. Jozi kama pasua na pasuka, atua na atuka, fumua na fumuka humpa msemaji uchaguzi ambao hana budi kuufanya kila anapofungua kinywa: ama amtaje mtenda, ama aeleze hali iliyofikiwa. Viunganishi navyo vina neno. Mwamba ulipasuliwa na maji ni sentensi ya Basel. Mwamba uliatuka kwa kupoa ni sentensi ya kioo cha taa, na kwa kiasi kikubwa ya The Geysers, ingawa huko kitenzi kuteleza ndicho kifaacho zaidi. Na humleta mtenda. Kwa huleta sababu au njia.

Uteuzi wa istilahi pia wastahili kuangaliwa. Vitabu vya sayansi vya shule aghalabu hutumia kusinyaa kwa ajili ya kupungua ukubwa kunakoletwa na baridi. Neno hilo linaleta taswira ya ngozi yenye makunyanzi au jani lililonyauka, na jiwe halipati makunyanzi. Laiti lingeweza, lisingepasuka. Kunywea hueleza upungufu wa umbo zima bila taswira hiyo, na ndiyo sababu limetumika hapa. Kuatuka, ambalo wengi hulitumia kwa ardhi iliyochanwa na jua, lafaa kuwekwa kwa ufa mpya unaotokana na kunywea. Kupasuka libaki neno la jumla. Kuachama na kufumba yatumike kwa ufa uliokuwapo tangu hapo. Wengine watapendelea nishati mahali pa kawi, na jotoardhi mahali pa mvuke wa ardhini, lakini hitilafu hiyo haibadilishi fikra. Mkanganyo wa kuatuka na kupasuliwa huibadilisha.

Kauli ya kutendeka ina hatari yake vilevile. Atakayesema ardhi ilitikisika, mwamba uliatuka, kisha akanyamaza, atakuwa amelieleza tukio kana kwamba ni mvua iliyonyesha. Maji hayakujipeleka kisimani. Kuna watu walioamua kuyatia, kwa kiasi fulani na kwa muda fulani. Kwa hiyo maelezo ya haki hayakiachi kitenzi cha kwanza, wala hayamfichi mtenda wake: wahandisi waliupoza mwamba, nao mwamba ukaatuka. Sentensi hiyo inawapa watu wajibu wao na inaupa mwamba tabia yake.

Suala la wajibu linazidi kuwa zito kwa sababu ufa uletao faida ndio huo huo uletao hasara. Huko Fenton Hill, New Mexico, watafiti wa maabara ya Los Alamos waliunganisha visima viwili kwa nyufa katika itale yenye moto lakini isiyo na maji ya kutosha. Mwaka wa 1978 walizungusha maji kwa siku 75. Kadiri mwamba ulivyopoa, nyufa ziliachama na maji yakapita kwa wepesi zaidi. Lakini maji yaliyopata njia nyepesi hayakuwa na haja ya kuzunguka katika mwamba mpana, na halijoto yake yalipotoka ilishuka kutoka nyuzi 175 hivi hadi nyuzi 85 hivi.

Chuma nacho hunywea. Kisima kimoja cha Krafla, Iceland, kilichochimbwa mwaka wa 2009, kiliufikia mwamba ulioyeyuka katika kina cha mita 2,100, na baadaye kikatoa mvuke wa nyuzi 450. Mwaka wa 2012 vali zake ziliharibika, ikalazimu kutia maji baridi ili kukizima. Mabomba ya chuma yaliyoshikizwa kwa saruji kwenye kuta za kisima yalitaka kunywea, kadiri ya milimita 5 kwa kila mita, na saruji ikayazuia. Yalikatika kwenye maungio.

Olkaria maji yaliyokwisha kutoa mvuke wake hurudishwa ardhini kupitia visima maalumu, mengine yakiwa bado na moto na mengine yakiwa yamepoa. Ili kujua njia yanayoifuata, wahandisi wamewahi kuyatia rangi ya fluoresini na kungoja katika visima vya mvuke vilivyo jirani. Rangi ikikawia, au isipotokea kabisa, maji yana muda wa kupata moto njiani. Ikitokea mapema na kwa wingi, kuna ufa ulio wazi mno kati ya visima hivyo viwili, na maji hayana budi kupunguzwa au kupelekwa kwingine kabla mwamba wa hapo haujapoa.